Taa ya Lava ya Nyumbani Ikigoma: Tafuta Kasoro, Usiongeze Moto

Mzazi anayetoka Kangemi, Kawangware au Uthiru akiwa na orodha ya vifaa vya mradi wa sayansi mara nyingi humalizia safari yake River Road. Katika maduka yaliyobanana kati ya Tom Mboya Street na Kirinyaga Road, orodha nzima hupatikana kwa mwendo wa hatua chache: mafuta ya kupikia, siki, rangi ya chakula, magadi ya kuokea na tochi ndogo. Chupa ipo tayari nyumbani. Mradi wenyewe ni taa ya lava, yaani chupa ambamo matone ya rangi hupanda na kushuka polepole, mfano wa uji wa moto unaochemka ndani ya volkano.

Shida huanza jioni. Vifaa vimechanganywa kama karatasi ilivyosema, lakini taa haifanyi kazi. Matone hayapandi, au povu linamwagika mezani, au chupa nzima imegeuka nyeupe kama maziwa. Mradi unatakiwa shuleni asubuhi na mtoto amekaribia kulia. Hapo ndipo mtu mzima hushawishika kujaribu mambo matatu: kuipasha chupa moto, kuifunga kifuniko na kuitikisa, au kuongeza mafuta ya taa au spiriti. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitengeneza taa, na kila moja linaweza kuleta ajali ndani ya nyumba.

Makala haya yanaeleza jinsi taa hii inavyofanya kazi, kasoro zinazoonekana mara kwa mara, namna ya kuzirekebisha, na mambo ambayo hayafai kujaribiwa kabisa.

Ilikotoka

Taa ya lava ya dukani ilianza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 1963. Aliyeibuni ni Edward Craven Walker. Wazo alilipata alipoona katika baa kifaa kilichotengenezwa kwa mkono cha kupimia muda wa kuchemsha yai: chombo chenye vimiminika viwili visivyochanganyika, ambacho kilikuwa kikipashwa moto. Ilimchukua miaka mingi ya kujaribu na kukosea kabla ya kupata mchanganyiko uliofanya kazi vizuri. Kwa hiyo mtoto ambaye taa yake imegoma mara ya kwanza hajashindwa. Hata mbunifu mwenyewe alipitia hapo.

Taa mbili zenye jina moja

Mkanganyiko mwingi hutokana na kwamba kuna taa za aina mbili, na watu huchanganya maelekezo ya moja na ya nyingine.

Ya kwanza ni taa ya moto, ile inayouzwa dukani. Ndani yake mna nta maalumu na kimiminika, na chini kuna balbu inayotoa joto. Nta ikipata joto hutanuka, huwa nyepesi kuliko kimiminika na kupanda. Ikifika juu hupoa, hurudi kuwa nzito na kushuka.

Ya pili ni taa baridi, ambayo ndiyo inayofaa nyumbani na shuleni. Haihitaji joto wala umeme wa ukutani. Hutumia maji, mafuta ya kupikia na gesi. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, ilhali lita moja ya mafuta ya kupikia ina takriban gramu 920. Ndiyo maana mafuta hukaa juu na maji yenye rangi hukaa chini. Magadi yakikutana na siki hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Viputo vya gesi hiyo hunasa tone la maji yenye rangi na kulipandisha kupitia mafuta, kama boya linavyoinua mzigo. Tone likifika juu, kiputo hupasuka, gesi huondoka, na tone hurudi chini kwa uzito wake. Mwendo huo hurudiwa mpaka magadi au siki iishe.

Vipimo vya kuanzia

Kabla ya kutafuta kasoro, hakikisha vipimo vya mwanzo ni sawa. Kwa chupa safi ya plastiki ya nusu lita inayopitisha mwanga:

- Mililita 50 za maji na mililita 50 za siki nyeupe.
- Matone matano hadi kumi ya rangi ya chakula.
- Mililita 250 hadi 300 za mafuta ya kupikia, yamiminwe polepole.
- Nafasi tupu ya vidole vinne hivi juu ya mafuta.
- Magadi ya kuokea, robo kijiko cha chai kwa kila awamu.

Subiri dakika kumi matabaka yatengane vizuri kabla ya kuweka magadi. Weka chupa ndani ya sinia au beseni. Kwa mwanga, tumia tochi au taa ya simu iliyolazwa chini ya glasi pana iliyopinduliwa, kisha chupa isimamishwe juu ya glasi hiyo. Usitumie mshumaa. Chupa ya plastiki ya maji hulegea na kupoteza umbo hata kabla ya joto kufikia la maji yanayochemka, na mafuta yakimwagika juu ya mwali huwaka.

Kasoro na marekebisho

Kanuni ya kwanza ya kutafuta kasoro ni kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na taa ikawaka, hutajua kilichokuwa kibovu. Ikizidi kuharibika, hutajua pia.

*1. Hakuna kiputo hata kimoja.*

Pima magadi kwanza. Weka kijiko kimoja cha siki kwenye kikombe na unyunyizie magadi kidogo. Yakitoa povu mara moja, magadi na siki ni vizima. Yasipotoa, pakiti imeingia unyevu au siyo yenyewe. Pakiti sahihi imeandikwa "baking soda". Kumbuka pia kwamba magadi ndani ya maji matupu hayatoi viputo vya kutosha. Lazima pawe na kitu kichachu: siki, maji ya ndimu au ya limau.

Poda ya Eno hufanya kazi ndani ya maji matupu kwa sababu imekwisha kuchanganywa na asidi yake. Ikiwa unatumia Eno, siki haihitajiki. Magadi ya mabonge yanayotumiwa kulainisha maharagwe na mahindi, yale yanayotoka Ziwa Magadi, nayo hutoa gesi yakikutana na siki. Hata hivyo huwa na uchafu unaolifanya tabaka la maji kuwa la kahawia, kwa hiyo hayapendezi kwa taa.

*2. Poda inaelea juu ya mafuta na haishuki.*

Unga laini hufunikwa na mafuta na kushikamana. Ama uusukume taratibu kwa kijiti, ama utumie njia ya kinyume, ambayo mara nyingi huwa bora: weka kijiko kimoja cha magadi chini ya chupa kavu, mimina mafuta juu yake bila kuyavuruga, kisha dondosha siki iliyotiwa rangi, tone moja moja, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tone hushuka, hugusa magadi, hupata viputo na kupanda. Kwa njia hii mtoto huona kila tone likisafiri peke yake, na povu halifuriki.

*3. Povu linafurika.*

Sababu ni magadi mengi kwa wakati mmoja au chupa iliyojaa mno. Maelekezo mengi kutoka ng'ambo hutaja kidonge kinachoyeyuka polepole, lakini Eno inayouzwa kwetu ni poda, nayo humaliza nguvu zake zote kwa sekunde chache. Tumia robo ya pakiti tu kila awamu, ukiifunga ndani ya kipande kidogo cha tishu ili izame kabla ya kulowa. Vidonge vya vitamini C vya kutoa povu, vinavyouzwa katika maduka ya dawa, vikivunjwa vipande vinne hufanya kazi vizuri pia. Vyote hivi ni dawa, kwa hiyo vikae mikononi mwa mtu mzima.

Nairobi ina jambo lake pia. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni chini kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Gesi ileile hutanuka zaidi hapa. Kipimo kilichofanya kazi vizuri Pwani kinaweza kufurika Nairobi. Anza na kidogo.

*4. Rangi haionekani, au imebaki kama shanga katikati.*

Rangi ya chakula ya maji huvuka mafuta bila kuyachafua na kwenda kwenye maji. Wakati mwingine tone hukwama kwenye mpaka wa mafuta na maji kwa dakika kadhaa. Ligonge kwa kijiti nalo litapasuka na kusambaa chini. Ikiwa mafuta yenyewe ndiyo yaliyobadilika rangi, basi rangi iliyotumiwa ni ya mafuta, kama zile za kupamba chokoleti. Hakuna marekebisho hapo ila kuanza upya kwa rangi ya maji. Rangi ya kutia nguo isitumike, kwa kuwa huchafua mikono na haifai kushikwa na watoto.

*5. Chupa nzima imekuwa nyeupe kama maziwa.*

Kuna sababu tatu. Huenda chupa ilioshwa kwa sabuni na haikusuuzwa vizuri, na kazi ya sabuni ni kuvunja mafuta yawe chembe ndogo zinazochanganyika na maji. Huenda chupa ilitikiswa. Au huenda pakiti iliyonunuliwa ni ya "baking powder", ambayo huwa na wanga unaoleta ukungu. Ikiwa ni kutikiswa tu, iache isimame usiku kucha nayo itatengana. Ikiwa ni sabuni au wanga, anza upya kwa chupa safi.

*6. Hakuna matabaka mawili.*

Chunguza kilichomiminwa. Gliserini ni angavu, ni nzito na huteleza mkononi kama mafuta, nayo huuzwa karibu kila duka la vipodozi na la dawa. Lakini gliserini si mafuta. Ni nzito kuliko maji, na huchanganyika nayo kabisa. Muuzaji akisema, "Mama, hii ni safi kuliko mafuta ya kupikia," soma kibandiko kabla ya kulipa. Mafuta ya watoto ya kupaka yaliyo angavu na ya majimaji hufaa kwa taa inayoonekana vizuri, lakini ni hatari yakinywewa na mtoto, kwa hiyo mafuta ya kupikia yanabaki kuwa chaguo bora.

*7. Matone yanapanda kwa shida, au mafuta yamefanya ukungu.*

Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa mjini hutokana na mawese, nayo huanza kuwa mazito na kufanya ukungu katika baridi ya Julai. Si kwamba yameharibika. Isimamishe chupa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unaweza kukaa ndani bila kuungua, kwa robo saa. Mafuta ya alizeti au ya mahindi hustahimili baridi vizuri zaidi. Chupa isiwekwe juu ya jiko, iwe la makaa, la gesi au la umeme.

*8. Ilifanya kazi dakika chache kisha ikakoma.*

Hiyo si kasoro. Kuna kitu kimeisha. Mililita 50 za siki yenye asidi ya asilimia 5 humalizwa na takriban gramu 3.5 za magadi, yaani karibu robo tatu ya kijiko cha chai. Baada ya awamu tatu za robo kijiko, kuongeza magadi hakusaidii tena, kwa kuwa siki imekwisha nguvu. Ongeza vijiko viwili vya siki, subiri itulie chini, kisha endelea. Mtoto akiandika kwenye daftari ni awamu ngapi zilifanya kazi kabla ya kukoma, atakuwa amepima jambo la kweli la kemia kwa mikono yake.

*9. Hakuna magadi, Eno wala siki nyumbani.*

Chumvi inatosha. Weka maji yenye rangi kwenye glasi, mimina mafuta juu yake kwa kina cha vidole viwili, kisha nyunyiza chumvi. Chembe za chumvi huzama zikibeba tone la mafuta. Chumvi ikiyeyuka chini, mafuta huachiliwa na kupanda. Matone hapa ni madogo, lakini hakuna gesi wala povu, kwa hiyo njia hii inawafaa watoto wadogo.

Usifunge kifuniko

Onyo hili linastahili kichwa chake. Kijiko kimoja cha chai cha magadi, takriban gramu 5, kikipata siki ya kutosha kinaweza kutoa zaidi ya lita moja na nusu ya gesi. Chupa ya nusu lita ambayo tayari imejaa mafuta na maji haina pa kuiweka gesi hiyo. Ikifungwa, itavimba na inaweza kufyatua kifuniko usoni mwa mtoto au kupasuka. Chupa ya kioo ni mbaya zaidi kwa sababu ya vipande vyake. Mtoto anayebeba mradi wake kwenye matatu asubuhi abebe mafuta na maji ndani ya chupa iliyofungwa, na magadi ndani ya karatasi yake pembeni. Vikutane darasani, mbele ya mwalimu, kifuniko kikiwa kimetolewa.

Taa ya nta: kwa nini isitengenezwe nyumbani

Baadhi ya wanafunzi wakubwa hutaka kutengeneza ile ya moto kwa mshumaa uliokatwakatwa, mtungi wa kioo na balbu. Inafaa waelewe kwa nini haitafanya kazi hata wakijitahidi vipi.

Nta ya mshumaa ni nyepesi kuliko maji ikiwa baridi, na ikiyeyuka huzidi kuwa nyepesi. Hivyo huelea juu tangu mwanzo na haishuki kamwe. Katika viwanda, nta huongezewa kemikali ya kuipa uzito ili ikaribiane sana na kimiminika kinachoizunguka. Zamani kemikali iliyotumika ilikuwa kaboni tetrakloraidi, sumu inayodhuru ini, ambayo imeachwa kutumika katika bidhaa za nyumbani. Hakuna kitu cha aina hiyo kinachofaa kununuliwa kwa kupimiwa kwenye kichupa na kupelekwa nyumbani.

Wengine huamua kuyapunguzia maji uzito kwa kuongeza spiriti, au kuacha maji na kutumia mafuta ya taa. Hapa ndipo mradi wa shule unapogeuka kuwa hatari kwa jengo zima. Mvuke wa spiriti hushika moto hata kwenye baridi ya kawaida ya chumba. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka yakipata joto kidogo tu kupita la mwili wa binadamu, nayo balbu ya kupasha nta hupita kiwango hicho kwa mbali. Katika chumba kimoja cha kulala na kupikia, au katika jengo lenye ngazi moja na bidhaa zilizojaa kila ghorofa, moto mdogo haubaki mdogo.

Kuna pia wanaoshangaa kwamba nta yao haiyeyuki kabisa. Sababu ni kwamba balbu nyingi zinazouzwa sasa Luthuli Avenue na mitaa jirani ni za LED, ambazo hutoa mwanga mwingi na joto haba. Ni nzuri kwa bili ya stima, lakini haziwezi kuyeyusha nta. Jibu si kutafuta balbu kubwa zaidi wala kuusogeza mtungi kwenye jiko. Mwaka 2004 mjini Kent, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya taa ya lava ya dukani aliyokuwa ameiweka juu ya jiko kulipuka. Kioo chake kilimjeruhi kifuani. Taa hiyo ilikuwa imetengenezwa kiwandani, na bado haikustahimili moto wa jiko. Mtungi wa jemu hautastahimili.

Kwa mwenye taa ya dukani

Taa ya moto iliyonunuliwa, mpya au ya mtumba, nayo huwa na kasoro zake, na nyingi hazihitaji fundi.

Ikiwa nta imekaa chini bila kupanda, angalia kwanza balbu. Iwe ya aina na wati zilizoandikwa kwenye kitako, si LED. Taa baridi huhitaji saa mbili au tatu kabla ya nta kuanza kutembea vizuri, na zaidi katika asubuhi ya baridi. Ikiwa nta yote imejikusanya juu na haishuki, imepata joto kupita kiasi. Izime mpaka ipoe kabisa. Kwa kawaida isiwashwe zaidi ya saa nane hadi kumi mfululizo. Ikiwa kimiminika kina ukungu, huenda taa ilitikiswa ikiwa ya moto. Iache itulie siku kadhaa. Usiifungue kwa sababu yoyote.

Taa iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani imetengenezewa umeme wa volti 120, ilhali wa Kenya ni wa volti 240. Ikichomekwa moja kwa moja, balbu hupasuka au waya huungua. Taa zote za umeme zinunuliwe zikiwa na alama ya ubora ya KEBS, na ukarabati wa waya ufanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Isiachwe ikiwaka nyumba ikiwa tupu, wala isiwekwe karibu na pazia au mahali mtoto anapoweza kuvuta waya.

Baada ya jaribio

Mafuta yasimwagwe kwenye sinki wala kwenye mtaro. Ndani ya mabomba hupoa, hushika uchafu na kuziba njia ya majitaka. Yakifika kwenye mtaro wa mvua, yanateremka mtoni. Kutoka River Road hadi Mto Nairobi ni mteremko mfupi tu kupitia Kirinyaga Road.

Iache chupa isimame usiku kucha. Chota mafuta ya juu na uyahifadhi ndani ya chupa iliyoandikwa "YA MAJARIBIO, SI YA KUPIKIA". Yatatumika tena mara nyingi, na jirani mwenye mtoto wa darasa hilohilo anaweza kuyaazima. Yasirudishwe jikoni, kwa kuwa yamebaki na maji na rangi, na maji ndani ya mafuta ya moto hurusha matone yanayounguza. Maji yenye siki na rangi yanaweza kumwagwa chooni. Mafuta yasiyohitajika yafyonzwe kwa karatasi au majivu baridi na kutupwa pamoja na taka.

Ajali ikitokea

- Aliyeungua: mimina maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Jeraha kubwa, la usoni au la mtoto mdogo lipelekwe hospitalini.
- Siki, magadi au povu machoni: osha kwa maji mengi safi mpaka muwasho uishe. Usipoisha, mwone daktari.
- Aliyekunywa mafuta ya taa, spiriti au mafuta ya kupaka: usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja pamoja na chupa yenyewe.
- Mafuta yanayowaka: usimwagie maji. Funika kwa kifuniko cha sufuria, blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa, au mchanga.
- Moto wa umeme: zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia salama, na usitumie maji.
- Moto ukizidi: toa watu wote nje kwanza, funga mlango, kisha piga simu. Usirudi ndani kuchukua mali.

Walio katikati ya jiji wakumbuke kwamba kituo cha zimamoto kiko Tom Mboya Street. Popote mkazi alipo katika kaunti, nambari za dharura ni 999 au 112. Anayepiga simu ataje mtaa, jina la jengo, ghorofa, na barabara ambayo gari la zimamoto linaweza kupita.

Taa ikigoma tena baada ya hatua zote hizi, mtoto aipeleke shuleni hivyohivyo pamoja na daftari lake. Aandike alichobadilisha, kilichotokea, na anachodhani ndicho sababu. Mwalimu wa sayansi ataweza kuendelea naye kutoka hapo, na usiku huo nyumbani hapatakuwa na mtu aliyeungua.